Swali bungeni, kamati ya hesabu, shilingi ya waziri au baraza la madiwani: ubishe hodi wapi?

Zahanati ya kijiji imefika kwenye lenta, mkandarasi kaondoka na mashine yake ya zege, na kwenye ubao wa matangazo wa kata hakuna kitu zaidi ya tangazo la chanjo. Watu wanajua fedha ilitoka. Mmoja anasema mbunge akaulize swali Dodoma. Mwingine anasema hiyo ni kazi ya diwani. Wa tatu amesikia habari za ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, redioni na anataka Mkurugenzi aitwe na kamati. Wote watatu wana hoja, ila milango wanayoitaja haifungui chumba kimoja.

Ibara ya 63 ya Katiba ya 1977 imewapa wabunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na imetaja njia zake. Kati ya hizo kuna kumuuliza waziri maswali na kujadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa bajeti. Ndani ya halmashauri, kazi inayofanana na hiyo ni ya madiwani. Zifuatazo ni njia nne ambazo mkazi wa Arusha au Moshi anaweza kuzisukuma yeye mwenyewe, kikundi chake au asasi yake. Silaha kubwa, kama kamati teule na kura ya kutokuwa na imani, tutazigusa kwa kifupi tu, kwa sababu hakuna mwananchi anayeweza kuziwasha akiwa mtaani.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni mfuko: fedha au mradi uko chini ya nani? Hapa ndipo wengi wanapotea. Ukiwa Kaloleni, ya Arusha au ya Moshi maana zote zipo, barabara ya mtaa iliyobomoka haiko kwa Mkurugenzi wa halmashauri tena. Tangu 2017 iko kwa wakala wa barabara za mijini na vijijini, TARURA, na barabara kuu iko kwa wakala wa TANROADS. Maji ya mjini ni ya mamlaka za maji, AUWSA kwa Arusha na MUWSA kwa Moshi. Ya vijijini, tangu 2019, ni ya wakala wa RUWASA. Hospitali za rufaa za mkoa, Mount Meru na Mawenzi, ziko chini ya Wizara ya Afya. Kinachobaki halmashauri ni zahanati, vituo vya afya, shule za msingi na sekondari, masoko, stendi, taka na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani. Ukimbana diwani kuhusu bomba la MUWSA, atakusikiliza kwa heshima zote na hatakuwa na la kufanya zaidi ya kulalamika pamoja nawe.

Cha pili ni muda, kwamba unahitaji jambo litokee lini. Cha tatu ni mzigo wa ushahidi unaotakiwa kuubeba. Cha nne ni kitakachotoka mwishoni, kama ni jibu, azimio, mgao wa fedha au kazi kuendelea. Cha tano ni pale njia inapoharibikia, kwa sababu kila moja ina mahali pake pa kukwama.

Kabla ya kuendelea, jambo dogo linalowachanganya wakazi wa Arusha. Bunge la Afrika Mashariki lina makao yake mjini hapa, na kila nchi mwanachama hupeleka wabunge tisa. Hilo linasimamia vyombo vya Jumuiya. Zahanati yako halina habari nayo. Bunge linaloisimamia Serikali yako liko Dodoma, zaidi ya kilomita 400 kwa njia ya Babati na Kondoa.

Swali bungeni

*Anayebanwa* ni waziri au naibu wake, kwa hiyo njia hii inafika kila mahali wizara inapofika: TARURA, mamlaka za maji, TANESCO, hospitali za mkoa, hata halmashauri kupitia TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Hakuna njia nyingine yenye mkono mrefu hivi.

*Muda.* Bunge kwa kawaida hukutana mara nne kwa mwaka: mwishoni mwa Januari hadi Februari, Aprili hadi mwisho wa Juni, Agosti au Septemba, na Novemba. Swali la kawaida hupelekwa mapema kwa Katibu wa Bunge na kusubiri foleni. Hesabu mkutano mmoja mzima, pengine miwili. Maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, siku ya Alhamisi, hayana foleni hiyo, lakini yanahusu sera. Ukimtuma mbunge na swali la kisima kimoja siku ile, atajibiwa kwamba alete swali la msingi kwa wizara husika.

*Mzigo* ni mwepesi, karatasi moja tu. Ila karatasi hiyo ndiyo inayoamua kama mtapata jibu au maneno. Swali la "Je, lini Serikali itakamilisha zahanati yetu?" lina jibu ambalo kila mfuatiliaji wa Bunge amelikariri: Serikali itaendelea kutenga fedha kadiri ya upatikanaji wake. Ulize hivi: mwaka wa fedha 2024/25 kiasi gani kilipelekwa kwa zahanati fulani, kiasi gani kimetumika hadi Juni 30, na kazi zipi ndani ya mkataba hazijafanyika? Hapo naibu waziri hawezi kujibu bila kumpigia Mkurugenzi, na simu hiyo pekee mara nyingi huamsha watu waliolala. Mbunge ana nafasi ya maswali ya nyongeza baada ya jibu la msingi. Mwandikie mawili, moja kwa ajili ya jibu zuri na jingine kwa ajili ya jibu la kukwepa, maana hapo hatakuwa na muda wa kufikiri.

*Kinachotoka* ni maneno yaliyoandikwa kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge, yenye tarehe na jina la aliyesema. Hayajengi ukuta, lakini yanashikika. Mwaka unaofuata unarudi nayo.

*Panapoharibika.* Jambo lililoko mahakamani halijadiliwi bungeni, hivyo kikundi kilichofungua kesi kimejifungia mlango huu mpaka kesi iishe. La pili ni la kimaumbile: kwa Katiba yetu mawaziri huteuliwa kutoka miongoni mwa wabunge, na mbunge wako akiwa waziri au naibu hawezi kusimama kuiuliza Serikali ambayo yeye ni sehemu yake. Wengi husubiri miaka mitano bila kulitambua hilo. Dawa yake ni mbunge wa viti maalum wa mkoa wenu, au mbunge wa jimbo jirani ambalo barabara hiyo hiyo inapita.

Inawafaa wenye tatizo la wizara au wakala, wanaotaka takwimu na ahadi ya hadharani. Haiwafai wanaotaka mtu awajibishwe.

Kamati ya hesabu na ripoti ya CAG

Hii ndiyo njia inayosifiwa sana, na ndiyo inayoeleweka kidogo kuliko zote.

*Anayebanwa* ni afisa masuuli, yaani aliyeidhinisha malipo: Katibu Mkuu wa wizara mbele ya PAC (kamati ya Bunge ya hesabu za Serikali), Mkurugenzi wa halmashauri mbele ya LAAC (kamati ya hesabu za serikali za mitaa), na wakuu wa mashirika ya umma mbele ya Kamati ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma. Kwa sheria ya kinga, madaraka na haki za Bunge, kamati inaweza kumwita mtu na kudai nyaraka, na kuidanganya ni kosa.

*Muda* ndio mtihani. Tuseme fedha ya zahanati ililiwa Agosti 2024. Mwaka wa fedha 2024/25 unafungwa Juni 30, 2025. Hesabu zinapelekwa kwa mkaguzi ndani ya miezi mitatu. CAG anamkabidhi Rais ripoti ifikapo mwisho wa Machi 2026. Kwa Ibara ya 143, ripoti inawasilishwa bungeni kabla ya siku saba kupita tangu kuanza kwa kikao cha kwanza baada ya Rais kuipokea, kwa hiyo ni Aprili. Kamati inaita watu miezi inayofuata, na taarifa yake hujadiliwa na Bunge mara nyingi kuelekea mwisho wa mwaka. Ni zaidi ya miaka miwili tangu fedha iondoke. Mkurugenzi aliyesaini huenda amehamishiwa mkoa mwingine, na anayejibu ni mgeni anayesoma faili.

*Mzigo* ni mzito, lakini si wote wako. Kazi yako ni kuhakikisha mkaguzi anaikuta hoja. Wakaguzi huja halmashauri baada ya hesabu kufungwa, na hufanya kazi kwa sampuli. Hawatembelei kila kijiji. Barua yenye jina la mradi, namba ya mkataba, kiasi, picha zenye tarehe na mihtasari ya kijiji, ikipelekwa ofisi ya ukaguzi ya mkoa kati ya Julai na Oktoba, inaweza kuuingiza mradi wako kwenye sampuli. Barua ya Machi imechelewa mwaka mzima.

*Kinachotoka* ni azimio la Bunge, mapendekezo ya kurejesha fedha, na wakati mwingine kazi kwa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Azimio si hukumu. Utekelezaji unarudi kwa Serikali ile ile, nayo huleta majibu na mpango kazi. Lakini chombo hiki kikikaza, kinauma. Novemba 2014 taarifa ya PAC kuhusu kashfa ya fedha zilizotolewa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow iliwasilishwa bungeni, na kabla Januari haijaisha Mwanasheria Mkuu alikuwa amejiuzulu, waziri mmoja ameondolewa na mwingine amejiuzulu.

*Panapoharibika.* Kwanza, halmashauri ziko 184, na LAAC haiwezi kuziita zote kwa mwaka. Arusha ina saba na Kilimanjaro saba, kwa hiyo uwezekano wa yako kuachwa ni mkubwa. Pili, watu husikia halmashauri imepata "hati safi" wakadhani hakuna wizi. Hati inayoridhisha inasema hesabu zimeandaliwa kwa viwango, basi. Halmashauri yenye hati safi inaweza kuwa na kurasa za hoja za ukaguzi zisizofungwa, na huko kwenye hoja ndiko kwa kusoma. Tatu, kamati hula kutoka mkono wa CAG, na ofisi hiyo ikitikisika, kamati nayo inakauka. Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad, CAG wa wakati huo, na Novemba mwaka huo akaondoka. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ilisema namna alivyoondolewa ilikiuka Katiba.

Inawafaa asasi, waandishi wa habari na vikundi vyenye subira na makabati ya kutunzia karatasi, hasa pale fedha imekwisha kuondoka. Kwa mradi ambao bado unaweza kuokolewa wiki hii, ni kama kumwita daktari wa kupima chanzo cha kifo.

Bajeti na shilingi ya waziri

*Anayebanwa* ni waziri, kwenye fungu lake la fedha. Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi, mbunge asiyeridhika hutangaza kushika shilingi ya mshahara wa waziri. Waziri hutoa ufafanuzi, wabunge wengine husimama kuunga mkono, kisha shilingi hurudishwa au hupigiwa kura. Karibu kila mara hurudishwa. Kinachotafutwa ni ahadi iliyobanwa mbele ya watu.

*Muda.* Kwenye televisheni bajeti ni Aprili hadi Juni. Kwa mwananchi, bajeti ni Oktoba hadi Februari. Vijiji na mitaa huibua vipaumbele, kata huvichuja, halmashauri hupitisha makisio yake Januari au Februari, na kamati za kisekta huyapitia mafungu kabla ya Bunge kukaa. Mradi ambao haumo kwenye makisio ya halmashauri mwezi Februari hauwezi kuokolewa na hotuba ya Mei, hata ikiwa tamu namna gani.

*Mzigo* ni namba ya kasma, yaani ya kifungu cha matumizi kwenye bajeti, na ulinganisho wa kilichoidhinishwa na kilichotolewa. Pengo hilo ndilo silaha. Bajeti ikisema milioni 50 na zilizofika ni 20, mbunge anashika shilingi akiwa na kitu mkononi.

*Kinachotoka* ni mgao au ahadi ya mgao. Njia hii peke yake ndiyo inayoweza kuleta fedha mpya.

*Panapoharibika.* Muda wa kupitia vifungu ukiisha, vilivyobaki hupitishwa kwa mkupuo, mtindo wanaouita gilotini, na hoja yako ikiwa kifungu cha nyuma imekwenda na maji. Halafu kuna Ibara ya 90: Bunge likikataa bajeti, Rais anaweza kulivunja. Kila mbunge aliyetumia nguvu kupata jimbo analijua hilo, ndiyo maana bajeti hutikiswa lakini haianguki.

Inawafaa wenye hitaji linalojirudia kila mwaka: watumishi wa zahanati, matengenezo ya daraja, dawa.

Baraza la madiwani

Watu wa Dodoma hulidharau. Kwa mambo ya halmashauri, hapa ndipo pa kuanzia, na kwa wengi ndipo pa kumalizia.

*Anayebanwa* ni Mkurugenzi na wakuu wake wa idara, mbele ya watu wanaojua zahanati iko nyuma ya kanisa lipi. Mbunge wa jimbo naye ni mjumbe wa baraza kwa sheria, kwa hiyo anaweza kuuliza huku kabla ya kupanda basi.

*Muda* ni robo mwaka. Mkutano wa kawaida hufanyika kila robo, na katika halmashauri nyingi siku ya kwanza ni ya taarifa za kata, ya pili ya taarifa za kamati. Kamati ya fedha hukaa kila mwezi na hukagua miradi. Jambo lililoibuliwa kwenye mkutano wa kijiji mwezi Agosti linaweza kuwa mbele ya baraza mwezi Oktoba au Novemba. Kumbuka pia baraza maalum la kujadili hoja za CAG, ambalo kwa kawaida hufanyika Juni, Mkuu wa Mkoa akiwepo. Ukumbi huo haujai wananchi, na ungepaswa kujaa.

*Mzigo* ni muhtasari wa mkutano wa kijiji au mtaa uliosainiwa. Sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Muhtasari wenye hoja yenu ukifika kamati ya maendeleo ya kata, diwani anaingia barazani na karatasi, si na fununu. Kwa nyaraka za mradi, andikeni barua ya maombi mkitumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayoipa ofisi siku zisizozidi 30 kujibu. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri hizo siku 30 hazina pa kuanzia.

*Kinachotoka* ni agizo kwa Mkurugenzi lenye tarehe, timu ya uchunguzi, au hatua za nidhamu kwa watumishi walio chini ya mamlaka ya baraza.

*Panapoharibika.* Mkurugenzi huteuliwa na Rais. Baraza haliwezi kumfukuza, na mwenye ngozi ngumu analijua hilo. Madiwani wa chama kimoja hupatana kwenye kikao chao kabla ya baraza, na ukumbini mjadala unakuwa mfupi kama dua ya chakula. Na diwani ambaye ndugu yake ndiye fundi wa mradi hatauliza kitu. Katika hali hiyo nenda kwa diwani wa kata jirani aliyemo kwenye kamati husika, maana kamati haina mipaka ya kata.

Inamfaa yeyote mwenye shule, zahanati, soko au mkopo wa kikundi.

Silaha nzito, kwa kifupi

Kamati teule, inayoundwa na Bunge kuchunguza jambo moja, na kura ya kutokuwa na imani kwa Waziri Mkuu hutoka ghalani mara chache. Hoja ya kutokuwa na imani, kwa Ibara ya 53A, inahitaji sahihi za wabunge wasiopungua asilimia 20 na taarifa ya siku 14, na haiwezi kutolewa kabla ya miezi sita ya Waziri Mkuu kazini. Kamati teule ya kuchunguza mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond iliundwa Novemba 2007 chini ya Harrison Mwakyembe. Februari 7, 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa, mbunge wa Monduli, alijiuzulu. Mwaka 2012 zilikusanywa sahihi dhidi ya Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda. Kura haikufika, lakini Mei baraza la mawaziri likapanguliwa. Silaha hizi huua tembo. Kwa panya wa ghala la kijiji ni kubwa mno.

Kwa hali yako

Jengo la halmashauri limekwama na mkandarasi bado yuko mjini: baraza la madiwani, kupitia muhtasari wa kijiji na kamati ya fedha, robo hii hii. Mwombe mbunge aandae swali bungeni sambamba, la kutumika kama robo ikipita kimya.

Barabara ya mtaa, maji ya bomba au umeme: usipoteze robo mbili barazani. Peleka swali bungeni lenye kiasi na tarehe, na barua yenye muhuri kwa wakala husika.

Fedha imeshaliwa na jengo halipo: mkaguzi kwanza, kati ya Julai na Oktoba, kisha baraza maalum la Juni, kisha LAAC kama itaiita halmashauri yenu. Kama mna ushahidi wa rushwa, msisubiri mlolongo huo. TAKUKURU wana ofisi mkoani.

Hitaji la kila mwaka lisilopata fungu: bajeti, na mwanzo wake ni mkutano wa kijiji wa Oktoba.

Mbunge wako ni waziri: viti maalum au jimbo jirani kwa swali bungeni. Barazani yeye bado ni mjumbe, na huko anaulizika.

Kuna kesi mahakamani: bungeni subirini. Maombi ya nyaraka hayazuiliwi moja kwa moja na kesi, ila ofisi inaweza kuitumia kama sababu ya kukataa, basi ombeni zile za mradi ambazo hazimo kwenye madai.